Dagaa Wawili Watatu Tu

Pale mwaloni Kibirizi, ufukweni zinapofikia boti za wavuvi, ukitaka kujua dagaa wamekauka kweli au wamepigwa jua la juu juu ili gunia lifungwe haraka, unamtafuta Zuhra. Hapimi kwa macho. Anazamisha mkono mpaka katikati ya gunia, maana juu ndiko wanakopangwa warembo, anachomoa dagaa mmoja, anamtia mdomoni, anamuuma kichwa. Ka! Ukisikia huo mlio, gunia limepita. Meno yakisaga mchanga, anamgeukia mwenye mali na kumwangalia tu, na mwenye mali anaanza kujitetea bila kuulizwa: "Da Zuhra, hao nilianika kwenye wavu, wallahi, labda upepo ndio umeleta."

Wateja wa Kasulu, wa Tabora, mpaka wa Dar wanampigia simu awachagulie mzigo ambao wenyewe hawajautia machoni. Yaani anatafuna kazini tangu boti za asubuhi mpaka jua linapokuwa kali, na jioni akirudi kwake Ujiji anakuta njaa imeshapotea njiani.

Sasa mwanamke huyo, na mdomo wake huo, akaambiwa akae siku nzima asitafune kitu.

Habari ilianzia kwa kaka yake mkubwa, Hamdani. Hamdani alikuwa mtu wa kimya, hapendi kusumbua watu. Tumbo likawa linamjaa, choo leo kigumu kesho maji, damu ikaonekana kidogo, yeye akasema bawasiri. Akanunua dawa ya kupaka. Akapaka miezi. Siku alipokubali kupelekwa hospitali, alikuwa amekwisha mwili, na madaktari wakasema ni saratani ya utumbo mpana na imeshatembea mpaka kwenye ini. Wakamzika mwaka jana, Ujiji, jirani na baba yao.

Kabla hajafa, daktari mmoja aliwaita pembeni Zuhra na mdogo wake Swaibu, akawaambia: "Nyinyi mliochangia naye baba na mama, msisubiri kuumwa. Mkapime." Wakaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Wakarudi nyumbani, kila mtu akashika kazi zake.

Halafu jioni moja simu ya Zuhra ikalia. Alikuwa Lulu, mke wa Swaibu, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha stoo.

"Wifi, usimwambie kama nimekwambia."

"Kuna nini?"

"Mdogo wako anaona damu. Chooni. Nimeona mwenyewe. Nikimuuliza anasema bawasiri, nimwache."

Zuhra alikuwa anachambua mchele. Akauacha ulipo. Neno lile lile! Bawasiri. Na kwa Hamdani ilianza hivyo hivyo.

Lakini Zuhra anamjua Swaibu. Ukimwambia kitu uso kwa uso, anaruka kama samaki aliyekosa maji, na ukimwambia nani kakwambia, nyumba yake italala na ugomvi. Akanyamaza. Akasubiri. Na Mungu si mbali, wiki chache baadaye tangazo likapita mtaani na kwenye magrupu ya simu: madaktari bingwa wanakuja hospitalini mjini kwa wiki moja, na wanakuja na mashine ya kuangalia utumbo kwa kamera. Zuhra akafunga kitambaa, akaenda mpaka kwenye banda la Swaibu.

Swaibu ni fundi wa injini za boti. Alikuwa amepakata mashine, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Swaibu, wiki ijayo naenda kupimwa utumbo."

"Utumbo umefanyaje?"

"Haujafanya kitu. Ndiyo maana naenda."

Swaibu akacheka, akaweka spana chini. "Dada, mimi boti inayonguruma vizuri siifungui. Wananiletea ikizima."

"Na ikizimia katikati ya ziwa?"

"Ndiyo wananitafuta."

"Wakifika."

Swaibu akajifuta mikono kwa tambara ambalo lenyewe lilikuwa chafu kuliko mikono. "Eti hiyo kamera," akauliza, kama hataki jibu, "wanaipitishia wapi?"

"Unajua wanapoipitishia."

"Lahaula! Dada, mimi mtoto wa mzee Mwinshehe, watu wote Ujiji wananijua, nikalale pale, vijana wa juzi wanipitishie mpira huko! Nitapita vipi Kibirizi? Si watanipa jina?"

"Nani atawaambia? Mimi?"

"Kibirizi haiambiwi. Inajua tu."

Zuhra hakubishana. Akasema, "Basi mimi natangulia. Ila wanataka mtu wa kunisindikiza, maana nitadungwa dawa ya usingizi na sitaruhusiwa kurudi peke yangu. Utakuja?"

"Kukusindikiza nitakuja. Kwani nimekataa?"

"Na wewe je?"

Swaibu akatazama injini yake. "Tufanye hivi. Nenda. Ukapimwe, utoke salama, uniambie kwa mdomo wako ilikuwaje. Nitaenda na mimi. Lakini wakikurudisha, dada, wakikwambia sijui imeshindikana, sijui rudi mwakani, habari hii tusiitaje tena. Mimi na wewe tumemaliza."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Zuhra akarudi kwake na kifua kizito. Yaani kipimo chake kilikuwa kimebeba watu wawili, na mmoja wao ndiye mwenye damu.

Siku ya kujiandikisha alionana na daktari, kijana mrefu mwenye sauti ya kubembeleza, anaitwa Castory. Daktari Castory alimweleza taratibu kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda kwao. Utumbo mpana ni bomba linalokaribia urefu wako, mama, linazunguka tumbo lote. Ndani yake watu wengine wanaota vinyama. Haviumi, haviwashi, mtu anakaa navyo hajui. Vingi havina neno, lakini vingine ukiviacha miaka vinageuka saratani. "Sisi tunapita na mpira mwembamba, laini, mbele una taa na kamera. Tukikuta kanyama, tunakakata pale pale. Na hutasikia, kwa sababu utumbo kwa ndani hausikii maumivu ya kukatwa."

"Kwa hiyo kaka yangu, Mungu amrehemu…"

"Inawezekana alianza na kitu kama punje ya mchele."

Zuhra akatazama dirishani. Punje ya mchele.

"Kuna hatari yoyote, daktari?"

"Ipo, siwezi kukudanganya. Mtu anaweza kutoka damu kidogo, na mara chache sana utumbo unaweza kutoboka. Ndiyo maana tunafanyia hapa hospitalini, tuko tayari. Lakini adui mkubwa siyo huo. Adui ni uchafu. Utumbo usipokuwa safi, kanyama kanajificha, napita juu yake sikaoni, nakwambia uko salama kumbe nimekudanganya."

Muuguzi, Sista Agnesi, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, ndiye aliyempa masharti. Siku chache kabla, aache maharage, mahindi, mboga za majani, vitu vyenye mbegu. Siku moja kabla, asile kabisa. Maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa mpaka unaona chini ya bakuli. Asinywe kitu chekundu, maana kamera itadhani damu. Jioni achanganye dawa kwenye maji mengi, anywe, na alfajiri amalizie. "Na usiende mbali na choo, mama yangu. Nakwambia mapema."

Zuhra akayashika yote, akamsomea na binti wa jirani ili amkumbushe.

Sasa siku yenyewe ya kutokula iliangukia kwenye giza, siku ambazo dagaa wanavuliwa kwa wingi. Mwezi haupo, taa za wavuvi usiku zinawaka ziwani kama mji mwingine, na asubuhi boti zinaingia zimelala kwa uzito. Zuhra akajikaza kukaa nyumbani. Saa moja akanywa chai ya rangi. Saa tatu wifi yake Lulu akamletea supu ya kuku kwenye hotipoti, kwa roho nzuri kabisa. Akafungua kifuniko: mawese yanaelea juu, mekundu kama machweo.

"Lulu! Unataka kamera ipige kelele?"

"Wifi, supu bila mawese si maji ya kuogea?"

"Rudi nayo. Mpe mumeo."

Akajisifu moyoni kwa hilo. Lakini harufu ya ile supu ilibaki mlangoni, na jirani akaanza kukaanga mihogo, na nyumba ikawa ndogo. Akasema bora nitoke, nikapunge upepo. Akapanda bodaboda mpaka Kibirizi. Kutazama tu.

Mwaloni pamechangamka hapo! Wapagazi wanapishana na magunia, wanawake wamekunja kanga wanageuza dagaa kwenye nyavu za kuanikia, wale wa jana wameshakuwa weupe, wanameta mpaka unafumba jicho. Zuhra akakaa kwenye kijibenchi chake na chupa ya maji, mtulivu, kama mgeni. Hazikupita dakika nyingi akaja Happiness, mteja wake wa Kasulu, amekuja mwenyewe safari hii.

"Da Zuhra, nimebahatika! Nichagulie haya manne, gari inasubiri."

"Leo siko kazini, mama. Nimekuja kupunga upepo."

"Niangalizie tu."

Mkono ukaenda wenyewe. Katikati ya gunia, dagaa mmoja, mdomoni. Ka! "Hili chukua." La pili. Ka! La tatu likasaga, akatema, akamwangalia mwenye mali. Kisha akaja mwingine, na mwingine. Yeye mwenyewe, ungemuuliza wakati ule, angekwambia amekaa tu. Miaka yote hiyo kuonja kwake ilikuwa kazi, kama dereva anavyoshika usukani. Hakuna dereva anayesema leo nimeshika usukani.

Jioni akanywa dawa. Ilikuwa na ladha ya chumvi ya ajabu, kama limao lililolala kwenye sabuni, lakini akaibugia. Usiku ule hauna hadithi. Alfajiri akamalizia iliyobaki, akaoga, akavaa dera jipya, Swaibu akaja na bajaji.

Kwenye korido ya hospitali kulikuwa na benchi refu, na kutoka pale unaliona ziwa lote, na ng'ambo milima ya Kongo kama moshi uliotulia. Alikuwepo mzee mmoja amevaa koti lililopauka, mkulima wa Simbo, anaitwa Dismasi.

"Mwakeye," akawasalimia kwa Kiha.

"Mwakeye mzee. Shikamoo."

"Marahaba wanangu. Nani mgonjwa?"

"Hakuna," Swaibu akasema haraka. "Dada anapimwa. Mimi msindikizaji."

"Ahaa. Na mimi siumwi. Marehemu baba alikufa na tumbo, na mdogo wangu akafuata. Nikasema mimi sitaki kuungana nao bila kuuliza njia."

Sista Agnesi akatoka. "Mama Zuhra. Umekunywa dawa yote?"

"Yote, sista."

"Maji yanatoka ya rangi gani?"

Zuhra akasita. Swaibu akageuka kutazama ziwa. "Yana… yana vichengachenga."

"Vichengachenga vya nini? Jana ulikula?"

"Sijala. Wallahi, hata tonge."

"Hata uji?"

"Sista, supu ya watu nimeirudisha kwa sababu ya mawese!"

Agnesi akakunja uso, si kwa hasira, kwa kufikiri. Akasema ngoja, akamwingiza Mzee Dismasi kwanza, akaenda kuongea na daktari.

Zuhra akabaki amekaa. Kwa pembeni akamsikia Swaibu akivuta pumzi ya mtu anayejiandaa kusema nilisema. Ulimi wake, kwa wasiwasi, ukaanza kutembea mdomoni, ukapita kwenye meno ya nyuma, kule kwenye lile jino lenye pengo. Kuna kitu. Akakisukuma kwa ncha ya ulimi. Kigumu kidogo, cha chumvichumvi. Akakitoa kwa kidole, akakitazama kwenye kiganja.

Kichwa cha dagaa. Chote, na jicho lake.

Na hapo ndipo jana ilipomrudia. Gunia la kwanza. La Happiness. Lile la tatu. Yule bwana wa Tabora aliyepiga simu akasema onja na ya nyuma. Na amekula kiapo hapa, mbele ya watu, wallahi, hata tonge!

Angeweza kukipangusa kwenye dera, akanyamaza. Nani angejua? Wangemwingiza, wangepita na kamera yao kwenye tope, labda wangemwambia uko salama, akatoka, na Swaibu akatimiza kiapo. Alifikiria hilo, tena alilifikiria vizuri. Lakini kanyama kakiwepo na kakajificha je? Daktari alisema mwenyewe, nitakuwa nimekudanganya. Na kama akisema ukweli, wakamrudisha nyumbani, Swaibu ameshamaliza.

Sista Agnesi akarudi. Zuhra akafungua kiganja.

"Ni nini hiki, mama?"

"Dagaa."

"Umekitoa wapi?"

"Jinoni. Sista, jana nilikwenda mwaloni. Nilionja. Sikula, nilionja."

"Ulionja dagaa wangapi?"

"Wawili watatu tu."

Swaibu akageuka kutoka ziwani, polepole, akamwangalia dada yake kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Dada. Wewe unaonja kila gunia."

"Ndiyo."

"Jana kulikuwa na giza. Magunia yalikuwa mangapi?"

Zuhra akainamisha kichwa. "Nyamaza, Swaibu."

"Si umekula debe!" Akapasuka. Akacheka mpaka akashika ukuta, mwili wote unatikisika, na Sista Agnesi naye akajaribu kujizuia akashindwa, kile kicheko chake cha karibu kikajaa korido nzima. Mama mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi akauliza kuna nini, akaelezwa, naye akaingia kwenye kicheko. Zuhra mwenyewe machozi yalikuwa tayari kutoka, lakini midomo ikamsaliti, akajikuta anacheka nao, kiganja bado kimeshika kile kichwa.

"Basi, basi," Agnesi akasema akijipangusa macho. "Mama yangu, afadhali umesema. Watu wengi wanaficha, tunaingia ndani tunakuta mahindi yanatuangalia."

"Mnanirudisha?"

Hapo hakuna aliyecheka. Zuhra hakumtazama Swaibu.

"Nimeongea na daktari. Utakunywa dozi nyingine sasa hivi, hapa hapa, choo kile pale. Ukimaliza, usiguse hata tone mpaka uingie. Tukiona maji yamekuwa safi, utakuwa wa mwisho leo. Yasipokuwa safi, hapo itabidi tukurudishe. Msindikizaji abaki, bila yeye hatukupi dawa ya usingizi."

"Mimi nina injini ya watu," Swaibu akasema.

"Basi tumrudishe nyumbani?" Agnesi akauliza, kwa upole tu, kama anauliza chai au kahawa.

Swaibu akatazama jagi alilokuwa ameshika sista, akatazama dada yake. Huo ulikuwa mlango wake wa kutokea, umefunguliwa wazi. Zuhra aliuona. Akaketi pale, dera jipya, kichwa cha dagaa mkononi, akasubiri.

"Nitampigia mwenye injini," Swaibu akasema. Akatoa simu, akaenda mbali kidogo.

Basi siku ikawa ndefu. Zuhra akanywa, akatembea korido, akaenda choo, akarudi, akaenda tena. Kila akipita anakuta benchi limebadilika watu, ila Swaibu yupo. Fundi ambaye hawezi kukaa bila kushika kitu, amekaa. Hana spana, hana cha kufungua. Anatazama mlango tu: mtu anaingia anatembea, baada ya muda anatoka anatembea. Mwanamke wa makamo. Kijana mwenye fulana ya mpira. Askari mstaafu, mwenye sharubu, mtu mzima kabisa anayeheshimika, akatoka akiuliza wapi anapata mandazi.

Mzee Dismasi alishatoka zamani, amekaa kwenye benchi anasubiri mwanawe amfuate, anakula ndizi kwa furaha. Safari moja, Zuhra akirudi kutoka chooni, akasikia sauti zao kabla hajakunja kona. Akasimama.

"Mzee, samahani. Naomba nikuulize."

"Uliza mwanangu."

"Mle ndani. Wanakuwa wengi?"

"Wawili watatu. Wamekufunika shuka, wamekuachia tundu dogo la kazi. Umelala ubavu kama unasikiliza redio."

"Hawacheki?"

"Wacheke nini? Wewe ukifungua injini ya mtu unaicheka?"

Swaibu akakohoa. "Na ilikuuma?"

"Tumbo linajaa hewa, linakuvuta. Halafu dawa inakuchukua, unaelea. Kilichoniuma mimi ni njaa." Akamenya ndizi nyingine. "Kwani nawe una shida?"

"Mimi? Hapana. Mimi msindikizaji."

"Sawa."

"Ila kuna…" Sauti ikashuka mpaka Zuhra akalazimika kusogelea ukuta ili asikie. "Kuna wakati naona damu. Bawasiri, lakini."

"Nani kasema bawasiri?"

"Mimi."

Mzee Dismasi alitafuna, akameza. "Inaweza kuwa bawasiri kweli. Inaweza. Ila wewe hujioni huko nyuma, mwanangu. Wana taa hawa."

Zuhra akarudi nyuma hatua kadhaa, taratibu, kisha akaja tena akiburuta kandambili makusudi, ili wamsikie. Alipofika, Swaibu alikuwa anatazama ziwa, na mzee anazungumzia mvua za Simbo.

Maji yakawa safi. Agnesi alikwenda kuangalia mwenyewe, akarudi akisema, "Sasa ndiyo! Meupe, karibu rangi ya chai ya watu wasio na majani." Jua lilikuwa limeshageukia upande wa Kongo walipomwita.

Mle ndani kulikuwa na ubaridi na mlio mdogo wa mashine. Akalala ubavu, magoti amekunja, shuka limemfunika. Sindano ikaingia mkononi. Daktari Castory akamwambia atasikia tumbo kuvutwa, apumue tu. Alisikia kuvutwa. Aliona haya pia, haya ya kweli, lakini haya ile haikuwa na muda mrefu, ikalegea pamoja na mwili. Kwenye skrini mbele yake, kabla usingizi haujamchukua vizuri, akaona njia ya pinki, safi, inameta, inakunja kona na kufunguka tena, kama ndani ya shavu la mtoto mchanga. Akawaza: nimekaa na hiki kitu miaka yote hii sijawahi kukiona. Kisha kwenye ukingo mmoja pakawa na kitu kimeota, kidogo, kama kiuyoga. Akataka kusema kile pale. Akasikia daktari akisema, "Nimekiona, mama, tulia."

Alipozinduka alikuwa kwenye kitanda cha pembeni, Agnesi anampima presha.

"Viwili," Agnesi akamwambia. "Vidogo. Vyote vimetoka. Vinapelekwa maabara waviangalie vizuri, majibu utaitwa. Na utatakiwa kurudia kipimo baada ya miaka, daktari atakwambia lini. Lakini macho yake hayakuona kitu cha kutisha."

Zuhra akafunga macho. Akamwona Hamdani, sio yule wa kitandani, yule wa zamani, anacheka na meno yake yote. Akakaa naye kidogo.

Halafu akakumbuka. "Mdogo wangu yuko nje?"

"Kwenye benchi hayupo."

Ameondoka. Ameona jua linazama, amekumbuka injini ya watu. Akajiinua kwa mkono.

"Taratibu, mama, bado una dawa. Hayupo kwenye benchi kwa sababu yuko chumba cha pili. Daktari alipomaliza kwako, alitoka akamkuta amesimama mlangoni. Akamwambia, daktari, nina jambo, lakini naomba tufunge mlango." Agnesi akaviringisha mpira wa presha. "Wamefunga. Muda sasa."

Zuhra akavaa kandambili. Agnesi akamshika mkono mpaka kwenye benchi, akamketisha mbele ya ule mlango uliofungwa. Korido ilikuwa tupu. Mzee Dismasi ameshakwenda kwao. Kutoka ndani ya chumba alisikia sauti ya Swaibu, haisikiki maneno, inasikika tu kwamba inaongea, inasimama, inaongea tena. Sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu wakiwa watoto. Hakusogea karibu. Mara hii hakutaka kusikia.

Mlango ulipofunguliwa, Swaibu alitoka na mfuko wa dawa ya kusafishia utumbo, ameubana kwapani kama mtu anayeficha kuku. Macho mekundu kidogo. Akakaa kando ya dada yake, akanyoosha miguu.

"Umetoka salama?" akauliza.

"Salama."

"Ilikuwaje?"

"Nitakwambia ukweli. Dawa ya kunywa ndiyo kazi. Ya mle ndani si kitu."

Swaibu akaitikia kwa kichwa. Akautazama mfuko wake.

"Ijumaa," akasema. "Siku yao ya mwisho. Amesema hata kama nina bawasiri, yeye anataka kuona kwa macho."

"Nitakusindikiza."

"Lulu asijue."

Zuhra akaangalia upande mwingine kidogo. "Lulu mkeo, Swaibu. Mwambie mwenyewe, leo."

Swaibu akafikiri. Kule nje boti za kwanza zilikuwa zinaanza kutoka, taa bado hazijawashwa, injini moja inapwitapwita kama inataka kuzima. Aliisikiliza kwa sikio la kazi, kisha akaiacha.

"Nitamwambia," akasema. "Lakini Alhamisi nakuja kushinda kwako. Nyumbani kwangu nikisikia harufu ya chungu cha Lulu, sitaweza."

"Njoo. Nitafunga mlango, na mwaloni siendi."

Swaibu akampa mkono, wakainuka pamoja, polepole kwa sababu ya dawa, wakaanza kushuka ngazi kutafuta bajaji.